Mwenyekiti wa Maboksi

Jina lake nalijua na la babake nalijua, lakini hapa sitayataja. Sisi madereva tulimwita Mwenyekiti, akina dada walimwita Baba, na leo nasikia ukimwita chochote pungufu ya Mheshimiwa watu wake wanakukodolea macho. Mimi nitabaki na Mwenyekiti, kwa sababu huyo ndiye niliyemjua, na kwa sababu kiti hicho alijipa mwenyewe, Ijumaa moja baada ya swala, tukiwa tumekaa nyuma ya duka lake tunakula biriani aliyoinunua yeye. Alisimama, akasema Wakenya wa Riyadh wanahitaji umoja, na umoja unahitaji mwenyekiti. Sote vinywa vilikuwa vimejaa. Hakuna aliyepinga, na jambo hilo likachukuliwa kuwa uchaguzi.

Duka lenyewe lilikuwa Al-Dirah, kwenye uchochoro wa wauza mablanketi, kati ya fundi saa Mpakistani na Myemeni aliyeuza asali. Mlangoni palikuwa na mizani ya kupimia maboksi. Ndani palikuwa na meza kubwa, kiti cha kuzunguka, na saa mbili za ukutani. Chini ya moja aliandika Riyadh, chini ya nyingine Nairobi. Mtu yeyote aliyewahi kupiga simu nyumbani anajua kwamba miji hiyo saa yake ni moja. Siku moja nikamwuliza zile saa ni za nini. Akanitazama kwa huruma kabisa. "Dereva," akasema, "ofisi ya kimataifa lazima iwe na saa mbili." Na hata hivyo hazikulingana. Ile ya Nairobi ilichelewa kidogo, na fundi saa alikuwa mlango wa pili, lakini hakuna siku aliyompelekea.

Alikuwa na biashara mbili. Ya kwanza ilikuwa kusafirisha maboksi: akina dada wanaofanya kazi za ndani hununua kidogo kidogo, blanketi mwezi huu, sufuria mwezi ujao, wakijaza boksi moja mpaka halifungiki, kisha boksi linapelekwa kwa meli hadi nyumbani. Ya pili ilikuwa watu, ingawa hiyo hakupenda iitwe biashara. Ilikuwa miaka ile ambayo wasichana wa kwetu walishuka Riyadh na Jeddah ndege nzima nzima. Ajenti wa Mombasa aliwakusanya, ofisi ya hapa iliwagawa kwa makafili, yaani waajiri ambao hushika pasipoti na karatasi zako zote, na katikati ya ajenti na ofisi alisimama Mwenyekiti, mkono wake ukiwa pande zote mbili. Ukimwita ajenti alikasirika. "Mimi si ajenti, mimi ni daraja," alisema. Lilikuwa daraja la kwenda tu, maana wa kurudi sikumwona akimvusha.

Wasichana wapya aliwafundisha Kiarabu. Somo hilo nililisikia mara nyingi, kwa kuwa alipenda kulitoa palepale dukani, wakiwa wamekaa juu ya mablanketi na mabuibui yao mapya bado yana mikunjo ya dukani. Aiwa, ndiyo. Hadhir, niko tayari. Yalla, twende. Taal, njoo. Nadhif, safi. Na la mwisho, ambalo aliwafanya walirudie kwa sauti moja kama watoto wa chekechea: mafi mushkila, hakuna tatizo. Madam akikupa kazi juu ya kazi, mafi mushkila. Baba wa nyumba akikwambia kesho hupumziki, mafi mushkila. "Neno hili litawafungulia milango," aliwaambia. La "hapana" hakuwafundisha, la "nimechoka" hakuwafundisha, wala la "nataka kwenda kwetu". Siku moja msichana mmoja aliuliza kwa Kiarabu mtu anasemaje akiumwa. Akamwambia akiumwa aswali.

Na alikuwa na usia wake wa kuagana. Aliwashika mkono mmoja mmoja, akawataja mama zao kwa majina bila kukosea hata mmoja, na kipaji hicho simnyimi, kisha akasema, "Vumilia miezi mitatu, binti yangu. Miezi mitatu tu, mambo yatanyooka." Machozi yalimlengalenga. Machozi ya mtu huyu yalikuwa karibu sana. Alilia akiagana, alilia akipokea, alilia akihutubia. Wasichana nao walilia, wakasema Baba ana roho nzuri. Na mimi, mjinga miye, niliona ni busara ya mtu mzima: miezi ya kwanza ugenini ni migumu, ukiivuka umezoea.

Bosi wangu ndiye aliyenifungua macho, bila kukusudia. Nilikuwa dereva wa familia moja ya Riyadh. Wanawake wa nchi ile hawakuruhusiwa kuendesha gari miaka hiyo, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka mke wa bosi sokoni, watoto shuleni, na mama mzazi wa bosi, bibi mmoja mkavu wa maneno, kwenye nyumba yake ya Jeddah kila watoto walipofunga shule. Siku moja bosi alikuwa nyuma ya gari akigombana kwenye simu na ofisi iliyomletea mfanyakazi. Alipokata simu alinilalamikia kama mtu anayelalamikia friji: msichana amekataa kazi wiki moja tu baada ya miezi mitatu. Angeikataa ndani ya miezi mitatu, ofisi ingemletea mwingine bure, ndiyo dhamana yao. Sasa ni shida yake mwenyewe. Hapo nikaelewa. Usia wote ule, na machozi yote yale, ulikuwa ni wa kulinda dhamana. Msichana akishavuka miezi mitatu, simu ya Mwenyekiti haikupatikana tena.

Bahati alikuwa mmoja wao. Ni binti wa jirani yetu kule pwani, nyumba zetu zinatazamana, na mama yake alinipigia siku aliyoondoka akaniambia nimwangalie kama dada yangu. Kumwangalia kutoka Riyadh na yeye yuko Jeddah! Lakini Mungu si mchoyo, nyumba aliyopelekwa ilikuwa mtaa uleule wa yule bibi, mama wa bosi wangu, kwa hiyo kila tulipokwenda Jeddah nilimwona nje akimwaga taka, akiosha gari, akimsubiri mtoto wa madam ateremke kwenye basi la shule. Tuliongea kwa dakika tunazoziiba. Alimwacha nyumbani mtoto wa kike, mdogo, wa kubebwa. Mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Alichotaka ni kuumaliza na kurudi kabla mtoto hajaanza kumwita bibi yake mama.

Mkataba ukaisha. Madam akasema atamruhusu baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, akasema baada ya harusi ya binti yake. Binti akaolewa, akapata mimba, ikawa baada ya kujifungua. Bila kafili kukuombea khuruji, ile ruhusa ya kutoka nchini, hata ungekuwa na tiketi mkononi huendi popote. Bahati akangoja siku watu wote walipotoka, akafungua geti, akaenda kwa miguu hadi kituo cha polisi.

Hapo ndipo somo la Mwenyekiti lilipozaa matunda. Askari aliyempokea hakuwa mtu mbaya, Bahati mwenyewe anasema. Alimpa kiti, alimpa maji, akamwuliza kwa upole kama kuna tatizo. Na Bahati, macho chini, mikono imekunjwa mbele, akajibu, "Mafi mushkila."

"Neno lilitoka lenyewe, kaka," aliniambia baadaye, tukiwa tumesimama kwenye ukuta wa bibi. "Nimelisema kila siku miaka miwili na zaidi. Akaniuliza tena. Nikasema tena. Nilikuwa najisikia nikilisema, na nilikuwa siwezi kulizuia. Kisha la kwenda kwetu nalitafuta silipati."

Askari akampigia kafili aje amchukue mtu wake, amepotea njia. Bahati akarudishwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la kafili, na geti likawekwa kufuli jipya, likawa halifunguliwi ila kwa taka na basi la shule.

Nilipandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu. Nikampigia Mwenyekiti kwa namba ya mtu mwingine, ndipo akapokea. Wakati huo alikuwa na mguu mmoja nyumbani akitafuta ubunge. Nikamweleza yote. Alinisikiliza vizuri, akashusha pumzi, akasema, "Dereva, umenitia uchungu. Nitumie picha yake."

"Picha ya nini, Mwenyekiti? Kafili namjua, nyumba naijua. Ofisi iliyompeleka ni ya rafiki yako. Mpigie tu."

"Nitampigia. Lakini picha ni muhimu. Watu wa kwetu lazima waone binti zetu wanavyoteseka, na nani anawapigania. Akiwa analia itakuwa vizuri zaidi."

Sikumtumia. Nilipompigia tena alisema jambo liko mezani. Meza yake naijua. Ilikuwa na kikopo cha kalamu na halua.

Sitakuwa mwongo, kuna siku nilimstahi. Kuna ndugu yetu mmoja, mtu wa Tanga, alifia kwenye chumba cha kupanga na akakaa siku kadhaa bila kujulikana. Tulipofika hakuna aliyethubutu kuingia, na mimi nikiwa mmojawapo. Mwenyekiti alivua kanzu, akabaki na fulana, akaingia. Alimwosha yule maiti kwa mikono yake, polepole, akimwita ndugu yangu, ndugu yangu, na siku ile hakulia wala hakukuwa na mtu wa kumpiga picha. Nimejaribu mara nyingi kumwunganisha mtu yule na huyu wa maboksi, na sijaweza. Labda alikuwa mwema kwa waliokwisha, kwa kuwa hao hawampigii mtu simu baada ya miezi mitatu.

Basi nije kwenye maboksi, maana ndiyo yaliyompa ubunge. Mwaka mmoja kabla ya kampeni alichapisha picha yake, kubwa kama sinia, amevaa suti na tai nyekundu, chini imeandikwa MWENYEKITI ANAJALI. Akaibandika kwenye kila boksi lililotoka dukani kwake, pande zote nne na juu. Jina la mtumaji aliliandika kwa kalamu, kwenye kona, herufi kama sisimizi. Akina dada hawakujua. Boksi huliacha kwenye mizani na kukimbilia gari kabla bosi hajakasirika. Likafika kwetu, likateremshwa mbele ya watu, na uso unaoonekana ni wa Mwenyekiti.

Mama yake Bahati alinipigia kwa furaha. "Mwanangu, Mwenyekiti katuletea blanketi! Na jiko la umeme, na viatu vya mtoto!"

"Mama, hivyo kavinunua Bahati. Mimi mwenyewe nilimwona akivipanga, na boksi nikalibeba mimi mpaka Riyadh."

"Ndiyo, najua, Bahati naye kasaidia. Lakini aliyevileta ni nani?"

Nilipanda na kushuka, nikaeleza jinsi boksi linavyolipiwa, akanisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza mwenye wivu. Mwishowe akasema, "Usimchukie mwenzio kwa kuwa Mungu kamwinua." Na kijiji kizima kilikuwa hivyo. Mablanketi ya watoto wao, yaliyotokana na kuinama kwenye sakafu za watu, yaliwalaza usingizi mzuri, asubuhi wakaamka wakampigia kura Mwenyekiti. Jukwaani ahadi yake kubwa ilikuwa kazi ya ughaibuni kwa kila nyumba. Mtu mmoja alimwuliza kuhusu wale wasioweza kurudi. Akalia. Wakampigia makofi.

Bahati alizidi kukaa. Sauti ya mtoto kwenye simu ilizidi kuwa ya mtu mkubwa, na siku moja mtoto alimwuliza bibi yake, simu ikiwa wazi, "Huyu ni nani anataka kuongea na mimi?" Bahati alinisimulia hilo bila kulia, na kutolia kwake kulinitisha zaidi.

Aliyefanya jambo hakuwa Mheshimiwa wala chama chetu cha umoja. Alikuwa yule bibi mkavu wa maneno. Nilikuwa nampeleka kwa daktari, akaniuliza kwa nini nimenyamaza wiki nzima kama gari bovu. Nikamwambia. Akauliza ni nyumba gani, nikamwonyesha. "Namjua nyanya yao," akasema. "Yalla, geuza."

Nikabaki nje. Yaliyotokea ndani nimeyapata kwa Bahati, kwa sababu yeye ndiye aliyeitwa kuleta kahawa. Anasema alimmiminia bibi kikombe, bibi akakipokea kwa mkono wa kulia, kisha akakiweka chini kwenye zulia, mbele yake, bila kukigusisha mdomoni. Kwa watu wale mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na mwenye nyumba akimwacha aondoke bila kuinywa ni fedheha itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Madam akasema, "Kunywa, mama yangu." Bibi akasema, "Nitakunywa ukinipa ninachokitaka." Madam akauliza ni nini. Bibi akamnyooshea kidole Bahati, aliyekuwa bado ameshika birika. "Huyu arudi kwa mwanawe." Kahawa ikapoa pale chini. Madam alitaja mtoto mchanga, akataja gharama za kumleta mwingine, akataja nguo za kupiga pasi. Bibi akawa anakitazama kikombe tu. Mwishowe madam akasema sawa, na bibi akakiokota kikombe, akanywa kahawa ile baridi yote.

Alipoingia kwenye gari aliniambia neno moja tu, kwamba yamekwisha. "Halas."

Khuruji ikatoka. Bibi mwenyewe aliniruhusu nimpeleke Bahati uwanja wa ndege wa Jeddah, mchana, akiwa na sanduku moja na begi la mgongoni. Tulifika mapema, tukasimama karibu na foleni ya ndege ya Nairobi, na hapo ndipo nilipomwona Mwenyekiti kwa mara ya mwisho.

Alikuwa anarudi kutoka umra na watu wake. Alinenepa. Kanzu nyeupe, kofia nzuri, tasbihi mkononi, na mtu mmoja anatembea mbele yake kinyumenyume akimrekodi kwa simu. Aliniona, akafungua mikono.

"Dereva! Bado uko Saudia?"

"Niko, Mheshimiwa." Neno hilo lilinitoka, nikalichukia.

"Na huyu binti yetu?"

"Ni Bahati. Yule niliyekupigia simu."

Uso wake ukang'aa kwa furaha ya kweli, kama aliyekutana na mzigo wake uliopotea. "Bahati! Si nilikwambia jambo liko mezani? Si unaona leo?" Akamgeukia mwenye simu. "Njoo karibu. Hapa, na ile bendera yetu ya kaunta ionekane." Akamshika Bahati mkono kabla hajampa, akausimamisha juu kidogo ili uonekane, na sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya jukwaani. "Ndugu zangu, nilipoahidi sitapumzika mpaka binti zetu warudi, kuna waliocheka. Leo niko hapa Jeddah, nimekuja kumchukua Bahati mwenyewe, nimkabidhi kwa mama yake. Sema, binti yangu. Waambie watu wa nyumbani."

Akasogeza uso wake karibu na wake. Machozi yalikuwa yameshafika.

Bahati alimtazama. Niliogopa, nilijua neno linaloweza kumtoka lenyewe. Alitazama mkono wake ulipokuwa, akautoa taratibu, akaufuta kwenye buibui.

"Shikamoo, baba," akasema. "Samahani, mimi sikujui."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mwenyekiti alicheka, kicheko kirefu kuliko jambo lenyewe. "Amechoka, maskini, ana mengi kichwani." Kisha kwa mwenye simu, kwa sauti ya chini, "Hiyo sauti utaitoa."

Bahati aliniaga kwa kunishika mikono miwili, akavuta sanduku lake, akaingia. Mwenyekiti aliniuliza kama sina nafasi kwenye gari nimpeleke mtu wake mmoja mjini. Nikamwambia gari ni la bibi.

Video niliiona siku mbili baadaye. Kila mtu alinitumia. Waliweka kaswida badala ya sauti. Mheshimiwa ana machozi, mkono wa Bahati uko juu, mdomo wake unacheza, na chini pameandikwa AHSANTE BABA. Nikampigia mama yake, na kabla sijasalimu akaanza kumwombea dua Mheshimiwa, yeye na kizazi chake.

"Mpe simu Bahati, mama."

Nikamsikia akiitwa kutoka uani. Alikuja akihema, nyuma yake kuna mtoto anadai kitu.

"Umewaambia?" nikamwuliza.

"Nimewaambia, kaka. Hawaniamini. Wanasema mdomo unaonekana kabisa unashukuru. Wanataka nikasimame naye kwenye mkutano."

"Utafanyaje?"

Alikuwa akisema na mtoto, kwa sauti ambayo kule Jeddah sikuwahi kuisikia, akimwambia angoje, mama anaongea na mjomba.

"Nimewaambia siendi," akasema. "Na Kiswahili hiki wanakielewa."